Medali ya dhahabu hutolewa vipi? Kisa cha majaji wa mvinyo waliowekewa chupa moja mara tatu

Kila msimu wa tuzo ukifika mitandaoni ni vurugu tupu. Msanii fulani (jina kapuni) kakosa tuzo, mashabiki wake wanalia kwamba majaji wamehongwa. Mwingine kapata, wa upande wa pili wanasema kabebwa. Mwaka unaofuata wanabadilishana viti, waliolia wanacheka na waliocheka wanalia. Ila sijawahi kuona mtu anauliza swali moja la msingi: hivi jaji mwenyewe anapimwa na nani?

Leo nawaletea historia ya watu waliouliza swali hilo mpaka wakapata jibu lenye namba. Haikuwa kwenye muziki wala kwenye urembo. Ilikuwa kwenye mashindano ya mvinyo. Kama hutumii kilevi usikimbie, hakuna tangazo la pombe hapa, na ukifika mwisho utaona hii ishu inakuhusu hata kama kinywaji chako ni juisi ya ukwaju.

Ila ngoja nianze na yaliyonikuta mimi.

NILIVYOKATWA HELA YA CHUPA NZIMA

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha uhudumu kwenye hoteli moja pale Dodoma. Usiku mmoja kulikuwa na hafla, na kwenye meza niliyopangiwa alikaa mheshimiwa mmoja, jina ninalo ila leo halitoki. Akaagiza waini nyekundu ya nje, ile ya bei mbaya. Nikafungua mbele yake, nikammiminia. Akaonja, akakunja uso.

"Kijana, hii siyo. Umechukua ya hapahapa Dodoma ukaitia kwenye chupa ya Wazungu?"

Meza nzima ikacheka. Mimi nikabaki nimesimama kama mlingoti.

Supavaiza wangu akaja mbio, "Samahani sana mheshimiwa, samahani sana," akabeba glasi na chupa akaenda navyo jikoni. Nikamfuata. Kule akachukua glasi mpya, akaizungushia chupa ileile kitambaa cheupe, akarudi nayo anatembea taratibu kama anabeba mtoto mchanga. Akamimina. Mheshimiwa akaonja, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa hii ndiyo yenyewe."

Mwisho wa mwezi nikakuta nimekatwa bei ya chupa nzima, kosa "kumuudhi mgeni". Chupa ambayo mgeni mwenyewe aliinywa ikaisha! Niliumia sana wadau, na kwa muda mrefu nilikuwa namcheka yule mheshimiwa kwamba hajui kitu. Baadaye nikaanza kusoma historia ya hawa wanaoonja mvinyo kama kazi, ndipo nikagundua kwamba mambo ni mazito kuliko nilivyodhani.

ORODHA YA 1855: HAKUNA ALIYEONJA

Twende Ufaransa kwanza. Mwaka 1855, enzi za Kaisari Napoleon III, mji wa Paris ulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa. Watu wa Bordeaux walitaka kupeleka mvinyo wao, na ikatakiwa orodha inayoonyesha mashamba gani ndiyo bora. Kazi hiyo wakapewa madalali wa mvinyo wa Bordeaux.

Sasa unadhani madalali walifanyaje? Walikaa mezani wakaonja chupa moja moja? Wapi! Walifungua madaftari ya bei. Shamba ambalo mvinyo wake ulikuwa ukiuzwa ghali kwa miaka mingi likawekwa daraja la kwanza, linalofuata daraja la pili, hivyohivyo mpaka la tano. Daraja la kwanza yakaingia mashamba manne tu: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion.

Tusiwacheke haraka. Dalali anajua sokoni watu wako tayari kulipa kiasi gani, na bei ya miaka mingi ina ukweli ndani yake. Tatizo linaanza pale orodha ikishatoka. Shamba likiwa daraja la kwanza, bei yake inapanda kwa sababu ni daraja la kwanza. Halafu ukiuliza kwa nini ni daraja la kwanza, unaambiwa angalia bei yake. Hapo wa chini anatokea wapi?

Muulize mwenye shamba la Mouton. Lenyewe mwaka 1855 liliwekwa daraja la pili. Familia ya Rothschild ilipambana kwa miongo kadhaa kutaka lipandishwe, likaja kupandishwa mwaka 1973. Miaka 118! Aliyesaini alikuwa waziri wa kilimo wa Ufaransa wa wakati huo, Jacques Chirac, ambaye baadaye akawa rais. Shikilia hilo jina la Mouton, tutakutana nalo tena sasa hivi.

PARIS 1976: MAJINA YALIPOFICHWA

Tuje mwaka 1976. Paris kulikuwa na Mwingereza mmoja, Steven Spurrier, ana duka lake la mvinyo na chuo kidogo cha kufundisha watu kuonja. Alikuwa anafanya kazi na Mmarekani aitwaye Patricia Gallagher. Mwaka huo Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru, wakaona huu ni mchongo mzuri: tuite wakubwa wa mvinyo wa Ufaransa, tuwaonjeshe mvinyo wa California.

Elewa kwamba kipindi hicho California haikuwa na jina. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, mashamba mengi ya mizabibu na viwanda vikafa. Waliokuwa wanajitutumua upya bonde la Napa walikuwa watu wa kawaida kabisa. Mmoja wao, Mike Grgich, alikuwa mhamiaji kutoka Kroatia aliyefika Napa mwaka 1958 hana kitu. Mwingine, Warren Winiarski, alikuwa amefundisha chuo kikuu huko Chicago kabla hajaacha chaki na kuhamishia familia shambani. Mizabibu yake aliipanda mwaka 1970.

Tarehe 24 Mei 1976, kwenye hoteli ya InterContinental, majaji tisa wa Kifaransa wakakaa mezani. Hawa hawakuwa wa kuokoteza. Kulikuwa na wenye migahawa mikubwa, mwanamama mhariri wa jarida la mvinyo, na mmoja wa wamiliki wa shamba linalotoa mvinyo ghali kuliko mwingi duniani. Mvinyo mweupe zikawekwa aina 10, sita za California na nne za Ufaransa. Mwekundu vilevile 10, sita kwa nne. Kila jaji anatoa alama kati ya 20. Na Spurrier akaamua jambo moja lililobadilisha kila kitu: lebo zifichwe. Utaonja bila kujua unaonja nini.

Waandishi wa habari walialikwa, akatokea mmoja tu, George Taber wa jarida la Time. Yeye alikuwa na orodha ya chupa mkononi, kwa hiyo alikuwa anajua kila glasi ina nini wakati majaji hawajui. Wadau, huyo ndiye aliyefaidi! Anamsikia jaji mmoja akisifia kwamba sasa hapa tumerudi nyumbani Ufaransa, kumbe anakunywa ya California. Mwingine ananusa ya Kifaransa anasema hii hakika ni California maana haina harufu yoyote.

Kwenye mweupe wa kwanza akawa Chateau Montelena ya 1973, kazi ya yule mhamiaji Grgich. Ilipofika zamu ya mwekundu majaji walishajua matokeo ya mweupe, kwa hiyo walikuwa wamekaza kweli Ufaransa isipigwe mara mbili. Wakapigwa tena. Wa kwanza akawa Stag's Leap ya 1973, yaani ya yule mwalimu Winiarski, kutoka kwenye mizabibu ambayo ilikuwa na miaka mitatu tu. Wa pili, kwa tofauti ndogo sana ya alama, ni Mouton ya 1970. Kasubiri miaka 118 kupandishwa daraja, miaka mitatu baadaye kapitwa na mtu ambaye hakuwa hata kwenye orodha!

Yule mhariri, Odette Kahn, akadai karatasi zake za alama zirudishwe. Hakurudishiwa. Leo chupa za washindi wale wawili zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, na mwaka 2008 ilitoka hadi filamu ya kisa hicho.

Lakini blogu hii hatupambi. Ukiangalia matokeo yote ya mwekundu, nafasi ya pili, ya tatu na ya nne zote zilikwenda Ufaransa, na chini kabisa kulijaa California. Na alama za majaji zilikuwa zinapishana sana, huyu anaipa glasi alama za juu, jirani yake anaipa za chini. Baadaye wachumi walizipitia alama zile wakasema tofauti kati ya wa kwanza na wa pili kwenye mwekundu ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuapa nani alimzidi nani. Kilichothibitika siku ile ni kwamba ukiondoa lebo, wataalamu wa Ufaransa hawawezi kutenga California na kwao. Hilo tu lilitosha kufungua mlango kwa wengine wote wasio na jina.

MASHINDANO YA SIKU HIZI YANAVYOENDA

Kuficha majina sasa ndiyo utaratibu wa karibu kila shindano la maana. Tuchukue yale ya California yenyewe, yanayofanyika chini ya maonyesho ya kilimo ya jimbo, ambayo asili yake ni miaka ya 1850. Ni kama Nane Nane yao.

Mwenye kiwanda analipa ada kwa kila aina ya mvinyo anayoingiza na kutuma chupa. Chupa zinapangwa kwa makundi: aina ya zabibu, mweupe kwa mweupe, mtamu kwa mtamu. Wamiminaji wanakaa chumba cha nyuma, majaji hawaoni chupa kabisa. Glasi inaletwa na namba. Majaji wanakaa wanne wanne, kila kundi na meza yake, na wanaletewa glasi kama 30 kwa mpigo. Wanaangalia rangi, wananusa, wanaonja, wanatema. Ndiyo, wanatema kwenye ndoo, la sivyo saa nne asubuhi wote wangekuwa chali. Kati ya glasi na glasi wanasuuza kinywa kwa maji na kutafuna mkate kidogo. Halafu mzunguko mwingine, na mwingine. Kwa siku moja jaji kuonja zaidi ya mvinyo mia si jambo la ajabu.

Kila mmoja anaandika alama zake kimyakimya kwanza. Baada ya hapo wanazungumza, na anayetaka kubadilisha anabadilisha. Alama zinageuzwa kuwa medali: shaba, fedha, dhahabu. Meza nzima ikikubaliana dhahabu, inaitwa dhahabu mbili. Waliofanya vizuri zaidi wanaonjwa upya kutafuta bora wa aina yake, bora wa eneo lake, na mwishoni bora wa wote.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Medali ya mvinyo haifanani na ya Olimpiki. Kule mkimbiaji wa kwanza ni mmoja na dhahabu ni moja. Kwenye mvinyo unapimwa kwa alama, kwa hiyo dhahabu zinaweza kutoka hata 50 kwenye kundi moja, au isitoke hata moja. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, limeweka kanuni kwamba mashindano yaliyo chini ya mwavuli wake yasitoe medali kwa zaidi ya asilimia 30 ya mvinyo ulioingizwa. Mashindano ambayo hayako chini yake yanajipangia yenyewe.

Kwa hiyo ukiona kibandiko cha dhahabu kwenye chupa dukani, swali la kwanza ni dhahabu ya wapi na walitoa ngapi.

MZEE ALIYEAMUA KUPIMA MAJAJI

Sasa ndiyo tunafika penyewe. California kulikuwa na mzee mmoja, Robert Hodgson, profesa mstaafu ambaye takwimu anazijua vizuri, na ana kiwanda chake kidogo cha mvinyo. Kama wenzake wote alikuwa anaingiza mvinyo wake kwenye mashindano. Na kama wenzake wote alikuwa anashangaa: mvinyo uleule huku unapata dhahabu, kule hauambulii kitu.

Wengi wangeishia kulalamika. Yeye alikuwa kwenye kamati ya ushauri ya mashindano ya jimbo, akawaomba wakuu: naomba tuwapime majaji. Na wakuu wakakubali! Hapo nawavulia kofia, maana sijui ni waandaaji wangapi wa tuzo hapa kwetu wangekubali.

Kipimo kilianza mwaka 2005 na chenyewe ni rahisi hata mtoto anaelewa. Katika zile glasi 30 anazoletewa jaji kwa mpigo, glasi tatu zimetoka kwenye chupa moja. Chupa ileile, siku ileile, mzunguko uleule, namba tofauti. Jaji haambiwi ni zipi. Sasa tuone kama atazipa alama sawa.

Matokeo yakachapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la uchumi wa mvinyo. Ni kama asilimia 10 tu ya majaji waliozipa zile glasi tatu medali ya aina moja. Mmoja kati ya kumi! Asilimia 10 nyingine kuna wakati walitoka kwenye shaba mpaka dhahabu kwa kinywaji kilekile. Waliobaki wako katikati, leo fedha, dakika kumi baadaye shaba. Na usidhani wale wazuri ni wazuri siku zote: aliyefanya vizuri mwaka huu, mwaka unaofuata anaweza kuboronga kama wengine.

Kuna kitu kimoja walichokuwa na msimamo nacho zaidi: ubaya. Mvinyo ambao hawakuupenda walirudia kutoupenda. Tatizo ni kwenye vizuri, kipi ni kizuri na kipi ni kizuri zaidi.

Mwaka 2009 mzee akarudi na pigo la pili. Alichukua matokeo ya mashindano 13 ya Marekani, akaangalia mvinyo 2,440 iliyoingizwa kwenye zaidi ya mashindano matatu. Asilimia 47 ilipata dhahabu angalau sehemu moja. Halafu katika hiyo yenye dhahabu, asilimia 84 kuna sehemu nyingine ilikosa medali yoyote, hata shaba.

Ukitaka kuelewa inakuwaje, fanya hesabu ndogo. Tuseme kila shindano ni bahati nasibu, na nafasi yako ya dhahabu ni moja kati ya kumi. Ukiingia shindano moja, una asilimia 10. Ukiingia matano, nafasi ya kupata angalau dhahabu moja inafika karibu asilimia 41, bila kuboresha chochote kwenye pipa lako. Mwenye hela ya kulipa ada matano anabandika kibandiko. Mwenye hela ya ada moja anakwenda nyumbani na chupa zake.

DHAHABU YA DOLA MBILI

Mwaka 2007, kipindi hichohicho cha vipimo vya mzee, mashindano ya California yakatoa mshindi aliyewashtua watu. Chardonnay bora ya jimbo zima ilitangazwa kuwa Charles Shaw, yenye alama 98 na dhahabu mbili. Hiyo Charles Shaw ndiyo iliyokuwa inauzwa dukani dola 1.99 tu. Kwenye meza hiyohiyo kulikuwa na chupa za bei mara kumi, mara ishirini.

Wengine wakafurahi, si mnaona, bei ni maneno tu! Wengine wakasema, si mnaona, majaji hawajui kitu! Ukiniuliza mimi, kila upande ulishika kipande. Lebo ikifichwa, cha bei ndogo kinapata haki ya kuonjwa, na hilo 1855 halikuwepo kabisa. Lakini siku moja ya bahati haitoshi kusema hiki ni bora kuliko vyote vilivyokuwa pale.

KWA NINI ULIMI UNADANGANYA

Msinielewe vibaya, hawa majaji si matapeli. Jaribu mwenyewe kula maembe 30 mfululizo uone kama la 29 utalionja kama la pili. Ukitoka kuonja kitu kikali, kinachofuata kinaonekana laini. Ukitoka kwenye kitamu, kinachofuata kinaonekana kichachu. Ulimi unachoka, pua inachoka, na akili inajaza pale palipobaki wazi.

Akili yenyewe ndiyo noma. Watafiti wa Bordeaux mwaka 2001 walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa mambo ya mvinyo. Walichukua mvinyo mweupe, wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawaomba waueleze. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilishaamua, pua ikafuata.

Ndipo nikamkumbuka mheshimiwa wangu na kitambaa cheupe. Nilimcheka miaka yote kwamba ni mshamba mwenye hela. Kumbe majaji wenye uzoefu wa miaka, bila kitambaa, bila wapambe wanaocheka pembeni, wamewekewa chupa moja mara tatu wakatoa medali tofauti. Ulimi wake ulifanya walichofanya ndimi za wengi. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni kwamba yeye ndiye aliyeyumba ila mshahara uliokatwa ni wangu.

SASA SISI TUNAJIFUNZA NINI

Mimi nasema hivi. Kupima kitu kwa ulimi, kwa sikio au kwa jicho kutakuwa na makosa daima, hata jaji awe mwaminifu kama malaika. Swali la haki ni mawili. Kwanza, umefanya nini kupunguza makosa? Ficha majina. Weka majaji wengi. Usiwachoshe. Wapime wenyewe kwa siri, kisha utangaze matokeo kama walivyofanya wale wa California, japo yaliwaaibisha. Pili, jaji akikosea nani analipa? Kama anayelipa ni yuleyule mdogo kila siku, basi hilo ni shindano la wakubwa tu.

Na hapa naongea kama mtoto wa Dodoma. Kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Ufaransa hawana, wao ni mara moja. Kuna watu vijijini wamesomesha watoto kwa zabibu. Ila nenda kwenye harusi za mjini, wenyeji wanataka chupa ya nje iwe mbele kwenye picha, ya Dodoma ikiwepo imefichwa chini ya meza. Sisemi ya kwetu ni bora. Ningejuaje, wakati nimewaambia hata majaji hawajui? Nasema ionjwe siku moja bila lebo, na watu wasiojua wanakunywa nini, kisha ndiyo tuidharau kama inastahili. Grgich na Winiarski walihitaji mchana mmoja tu wa namna hiyo.

Kwa wasanii na wabunifu mnaonisoma: ukikosa tuzo mwaka huu, usichome moto kazi yako. Mvinyo uliokosa hata shaba huku, kule ulichukua dhahabu na ni uleule. Na ukipata, shukuru, ila usianze kutembea kama umetoka kwenye orodha ya 1855.

Yule supavaiza siku hizi tunasalimiana, tena ananiita "mwandishi". Siku moja nilimuuliza kwa nini aliniacha nikatwe wakati alijua chupa ni ileile. Akacheka, akasema, "Sasa mdogo wangu, ulitaka nikamwambie nani?"

Haya wadau, uwanja ni wenu. Umewahi kuhukumiwa na jaji ambaye hakuna anayempima, iwe kazini, shuleni au jukwaani? Dondosha kisa chako hapo chini, ila kama kawaida ya hapa kwetu, majina yabaki kapuni.